Kuna Mtu Matungu Alikuwa Akinichangia Akiba ya Uzeeni, na Simjui

Wakuu, habari za huko mliko. Mimi kwa kawaida nasomanga tu nyuzi zenu nikipita, lakini hii yangu imenikaa kifuani tangu mwaka jana. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni vile yalivyotokea.

Mimi ni mpishi kwenye shule moja ya bweni nje ya Kakamega mjini. Miaka yote nakatwa mchango wa uzeeni kwa payslip, na sikuwahi kuuliza unaendanga wapi.

Mwaka jana kukawa na uvumi jikoni ati shule haipeleki michango yetu. Nikaenda cyber, duka la intaneti, nitoe statement ya michango yangu.

Mama wa cyber akaiangalia, akaniangalia mimi.

"Madam, kwani uko na kazi mbili?"

Shule ilikuwa inapeleka bila shida. Lakini kila mwezi kulikuwa na mchango mwingine, kutoka kwa kiwanda kidogo cha sukari nguru huko Matungu. Matungu yenyewe nimeenda mara mbili tu maishani, zote matanga.

Nikamwambia dada yangu mkubwa, Rose. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Mungu amekupea. Funga mdomo, ukizeeka utakula mara mbili."

Wakuu, sitajifanya mtakatifu. Nilifunga mdomo wiki mbili nzima.

Kilichonishinda si dhamira, ni kutaka kujua. Nikisonga obusuma, yaani ugali, wa wanafunzi nawaza, huyu ni nani? Ananijua? Kwa nini mimi?

Jumamosi moja nikaomba ruhusa, nikaenda.

Kwa geti nikamwambia askari natafuta Beatrice Khasandi. Hilo ndilo jina langu kwenye hadithi hii. Askari akageuka, akaita kwa nguvu, "Beatrice!"

Mimi nikaitika bila kufikiria. Na sauti nyingine ikaitika kutoka ndani.

Akatoka mama wa rika langu, hijabu imefungwa nyuma, mikono inanata sukari. Nilikuwa nimejipanga kumgombeza. Nikamwonyesha tu kitambulisho changu. Alipoona jina na namba, akanishika mkono, akanivuta nyuma ya rundo la makapi ya miwa.

"Dada, usiite polisi. Watoto wangu hawana mtu mwingine."

Jina lake ni Zaitun. Wazazi walikufa akiwa mdogo, akalelewa na nyanya yake, hana cheti cha kuzaliwa. Alienda kuomba kitambulisho mara mbili, akarudishwa alete karatasi za wazazi. Bwanake alipofariki akatafuta kazi, na kiwanda hakichukui mtu bila ID.

Kule Mumias kulikuwa na duka la photocopy lenye mkebe wa vitambulisho vilivyookotwa. Mwenye duka akamwambia achague anayefanana naye.

Akanichagua mimi.

Kweli ID yangu ilipotea zamani nikitoka soko la Mumias. Nilitoa nyingine, namba ikabaki ile ile, nikasahau mambo yake.

Nikamuuliza kama anajua makato yake yanaenda wapi.

"Najua wananikata," akasema. "Nilidhani serikali inajua ni mimi."

Hapo hasira yangu ikaisha, wakuu. Nikamweleza vile mambo yalivyo. Kwamba akizeeka, akiba yote ni yangu kwa karatasi. Akifa leo, watoto wake hawatapata kitu. Halafu akauliza swali moja tu: "Sasa tunafanyaje?"

Hiyo "tunafanyaje" ilinimaliza.

Tukaenda pamoja kwa ofisi ya akiba ya uzeeni. Afisa alikuwa mama mmoja mtu mzima, akatusikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu chini.

"Nani kati yenu amekuja kulalamika?"

Tukaangaliana. "Hakuna," nikasema.

Akasema kosa ni kosa, lakini kujileta wenyewe kunasaidia. Aanze na kupata ID yake. Atafute mtu mzima anayejua kuzaliwa kwake.

Dada ya nyanya yake bado yuko hai, anaishi Malava, haoni vizuri. Tukamfikisha mpaka kwa chifu. Chifu akamuuliza anamjuaje huyu mama. Yule bibi akainua mikono yote miwili: "Nilimpokea na hii."

Ilichukua miezi. Kiwandani nusura wamfukuze. Meneja aliwaka sana, mpaka alipokumbuka kwamba ni yeye mwenyewe aliyechukua ile copy ya ID bila kuangalia picha vizuri. Akapoa.

Sasa Zaitun ana kitambulisho chake na namba yake. Mimi niliapa kwa wakili kwamba michango ya Matungu haikuwa yangu, barua ikapelekwa. Michango ya zamani haijahamishwa mpaka leo, naambiwa bado inaangaliwa. Rose hajanisamehe.

Nilichojifunza ni kwamba statement yako ni muhimu kuliko payslip yako, maana payslip inaonyesha tu ulichokatwa. Nenda uangalie imeandikwa nini, na kwa jina la nani. Na kama umetumia ID ya mtu kupata kazi, jua unafanya kazi, akiba ya uzeeni iwe yake.

Mwezi uliopita Zaitun alipata payslip ya kwanza yenye jina lake. Walikuwa wameandika Zaitun Nambilo. Karani akamwambia ni herufi moja tu, aiache hivyo, itaeleweka tu.

Alisimama mlangoni, akakataa kuondoka. "Ni Nambiro. Andika tena."

Ikaandikwa tena siku hiyo hiyo. Akanitumia picha.

Sasa nauliza wenye uzoefu: kuna mtu humu amewahi kuhamishiwa michango kutoka namba moja hadi nyingine? Ilichukua muda gani, na ulibisha mlango upi? Na nyinyi mngekuwa mimi, mngemsikiza Rose? Semeni ukweli, sitakasirika.