Chemchemi Iliyokwisha Kuzinduliwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkurugenzi wa Huduma kwa Jamii katika chuo chetu pale Kitale hakunionyesha hata meza. Alinituma Tongaren nikawasaidie watu kupukuchua mahindi. "Usibebe kalamu," aliniambia, "na usiahidi kitu. Ukienda mara moja wewe ni mgeni, na mgeni huambiwa mambo ni mazuri tu. Ukirudi ndipo utaambiwa shida."

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Siku hizi inaitwa mafunzo kwa huduma: mwanafunzi anachukua alichosoma darasani, anakifanyia kazi kijijini, kisha anapimwa kwa alichojifunza huko. Mratibu, cheo nilichostaafu nacho, ndiye anayejua nani hasalimiani na nani, na mbwa wa boma lipi ni mkali. Enzi ya Mkurugenzi yule, kikundi kilishikamana na kijiji kimoja mpaka wanafunzi wakahitimu.

Alipoondoka, tukaletewa Mkuu wa Kitivo aliyependa kuzindua. Kuzindua ni hema, fulana mpya, utepe, mpiga picha na jiwe la marumaru lenye jina la mkubwa. Kila muhula kijiji kipya, maana utepe haukatwi mara mbili mahali pamoja. Nilikasirika wakati ule na nimekasirika bado.

Kule Bumula, wanafunzi wa uhandisi waliijengea chemchemi ukuta na bomba, kazi safi kabisa. Mvua kubwa ilipokuja, udongo ukabomoka nyuma ya ukuta, maji yakaacha bomba yakatokea chini, kwenye matope ya ng'ombe. Mama Nafula, aliyetupikia siku zote za ujenzi, alinipigia simu, kwa ile lafudhi yake ya Kibukusu.

"Madam, watoto wanahara huku. Wale wanafunzi wako watarudi rini?"

Brayo, kiongozi wa wanafunzi hao, hakusita. "Madam, si ni siku moja tu? Tupewe basi na simiti, bana, tunamaliza."

Niliingia kwa Mkuu wa Kitivo. Hakuinua macho kutoka kwenye simu yake.

"Bumula si tulishazindua?"

"Imebomoka. Watoto wanaugua."

"Basi hilo ni la jamii sasa. Sisi tumeshawawezesha."

Kuwawezesha. Neno hilo likitajwa mbele yangu hadi leo damu hunichemka. Waliwezeshwa kunywa matope. Basi likaenda kijiji kingine na fulana zake, nami nikabaki kumdanganya Mama Nafula kwa simu, wiki baada ya wiki, mpaka akaacha kupiga.

Kwenye sherehe ya kuniaga walinipa picha kubwa ya fremu: uzinduzi wa Bumula, wote tunapiga makofi. Niliiacha kwenye kiti. Wiki iliyofuata nilitoka kwangu mtaani Tuwan, Kitale, nikaenda Bumula, bila kalamu.

Nyinyi mnaoingia kazi hii mtaambiwa mengi kuhusu jamii. Mimi nawaambia kurudi tu.

Nilimkuta Mama Nafula akichota kwa kikombe, amesimama juu ya jiwe bapa ili asizame kwenye tope. Nilimuuliza walilitoa wapi.

"Si ni lile lenu la jina," alisema. "Ririkuwa rinakaa bure pale ukutani."

Jina lilikuwa limelazwa chini, kifudifudi. Jumamosi narudi na Brayo, siku hizi ni fundi Kitale, analeta simiti. Ukuta tutaujenga upya. Jiwe litabaki pale pale lilipo.