Kondoo wa Shemeji

Alhamisi, katikati ya Machi. Asubuhi manyunyu, mchana jua la kuchoma kisogo, jioni mawingu tena upande wa Urambo.

Leo ilikuwa zamu yangu ya kuchunga. Hapa kijijini nyumba sita tunachanganya mbuzi na kondoo, kila siku anachunga mmoja, wasije wakaingia kwenye mahindi ya watu. Sheria yetu ni hii: mnyama akipotea kwenye zamu yako, unakwenda kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Hutumi mtu.

Mfukoni nilikuwa na karatasi ya kanisa. Mimi ni mzee wa kanisa, na Jumapili nilipaswa kusoma mbele ya watu jina la anayetengwa kwa kuacha ibada. Ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Miezi mitatu hajaonekana. Utaratibu unataka mzee amtembelee mtu kwanza. Kwenye kikao waliponiuliza kama nimekwenda, nilikohoa. Wakaandika nimekwenda. Niliogopa nikimtetea watasema nambeba ndugu. Lakini kusema kweli niliogopa pia kumtazama usoni. Yeye ndiye aliyekuwa akitusomea Neno. Jumapili yake ya mwisho kuja alisimama na kitabu muda mrefu bila kusoma, watu wakaanza kunong'ona, nikaenda nikakichukua mkononi mwake nikasoma mwenyewe. Nilidhani namsaidia. Labda kidogo nilimsaidia, sijui.

Sasa, picha iliyo ukutani kanisani inamwonyesha mchungaji ametangulia, kondoo wanamfuata. Jumapili hii inayokuja nimepewa pia niseme machache juu ya mchungaji mwema, basi leo nikajaribu kutangulia kama yule wa kwenye picha. Ujinga. Sisi huku tunachunga kwa nyuma. Unaona mikia tu, lakini unaona pia nani anachechemea. Nilitangulia kwenye ile njia ya zamani ya misafara, natunga maneno yangu, na nilipogeuka kondoo jike mmoja hayupo. Yule mwenye sikio lililokatika. Wa shemeji.

Nilimtafuta mpaka saa kumi, nikarudisha wengine, nikaenda. Nilimkuta nje ya bani lake la kukaushia tumbaku, anafunga majani kwa kupapasa.

"Karibu, shemeji. Mbona jasho hivyo, kama umeoa jana?"

"Shemeji, nimempoteza kondoo wako. Yule wa sikio."

"Umemtafuta wapi?"

"Mpaka kwenye majaruba ya mpunga."

"Ungemtafuta nyuma ya nyumba. Amekuja mwenyewe tangu saa saba. Nimekaa hapa nione kama utakuja au utatuma mtu."

Akacheka, nami nikacheka kwa aibu. Kisha akasema, "Kondoo umemjia siku hiyohiyo. Mimi nina miezi mitatu, mzee wa kanisa. Au kwa kuwa sina mkia?"

Nikamuuliza siku ile ilikuwaje.

"Herufi zilikuwa zinatembea kama siafu. Nikawa nangoja zitulie. Wewe ukaninyang'anya kitabu."

"Sikunyang'anya."

"Basi ulipokea kabla hujapewa."

Naandika alivyosema, maana ni haki yake. Nami nilimwambia kwamba angeweza kuniambia macho yanamsumbua, sisi si wageni. Akakubali kwamba angeweza.

Nikatoa karatasi. Akaigeuza huku na huku, akanirudishia. "Nisomee." Nikamsomea jina lake na sababu. Akauliza, "Na hapo wameandika ulikuja lini?" Nikamwambia nilikohoa. Hakucheka.

Kesho asubuhi nitakwenda kwa mwinjilisti, nimwambie sikuwahi kumtembelea. Jina halitasomwa. Mimi huenda nikavuliwa uzee, na atakayenivua hatakuwa amenionea. Kama shemeji atakuja Jumapili sijui. Hakusema, na sikumbana.

Jioni hii amekuja kwa dada yake. Tumekula ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yamepikwa kwa karanga. Mkono wake ulikuwa unatafuta bakuli la mboga, nikataka kumsogezea. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza. Akalipata mwenyewe.