Kura Juu ya Kichwa cha Mke Wangu

Chama chetu cha Wakenya tunaoishi ugenini Bukoto kilikuwa kimeshindwa hata kuchagua mweka hazina, lakini Jumapili ile kilijiona kinatosha kupigia kura kichwa cha mke wangu.

Kope ya jicho lake la kushoto ilikuwa imeanguka na kulifunika, na nyuma ya jicho hilo kichwa kilimgonga kutwa. Daktari alitueleza bila haraka. Mshipa wa damu ubongoni ulikuwa umetuna kama kipovu pale unapogawanyika, mahali ambapo damu hupiga ukuta kila moyo unapodunda. Ukuta huo hushikiliwa na nyuzi za kolajeni. Damu ikizunguka ndani ya kipovu, nyuzi hulegea. Mwili hufuma nyingine, lakini hovyo hovyo, na ukuta huzidi kudhoofika. Kope ilianguka kwa kuwa kipovu kilikandamiza neva ya jicho. Alitaka kumpasua wiki hiyo hiyo, akibane kwa klipu kabla hakijapasuka.

Nilielewa kila neno, na hiyo ndiyo aibu yangu. Nikasema, "Ngoja nishauriane na wenzangu."

Wenzangu! Mwenyekiti, muuza mitumba aliyependa kuitwa mheshimiwa, alisafisha koo. "Ndugu wanachama, fuvu si sufuria, ati ufunue uonje. Shemeji apelekwe nyumbani akaombewe."

Mwingine akasema kope ile ni kijicho cha majirani. Wa tatu, mdomo umejaa chapati zetu, akaunga mkono hoja. Ikaitishwa mikono. Nami, mume mtu, niliyesoma hadi kidato cha nne, nikainua wangu, nisije nikaambiwa nimekaliwa na mke.

Yeye akatoka jikoni na birika. "Mmemaliza? Basi mwandike pia kwamba chai imekwisha."

Kesho yake, nilipokuwa nimekwenda kumkatia tiketi ya basi la Kisumu, alikwenda kupasuliwa. Alisindikizwa na jirani yetu Mkongomani, mshona nguo, ambaye hakuna aliyemwomba kura.

Niliporuhusiwa kuingia wodini, kichwa chake kilikuwa kimefungwa bendeji nzito. Muuguzi alikuwa akimpima kumbukumbu, akaninyooshea kidole.

"Mama, huyu unamjua?"

Mke wangu alinitazama kwa jicho moja, taratibu.

"Namjua. Ndiyo maana nilikuja bila yeye."

Muuguzi akaandika kwamba kumbukumbu iko sawa.