Kisu cha Keki

Juzi, kwenye mapokezi ya shule moja hapa Bloomington, Marekani, mama wa Mombasa alileta keki ya mwanawe na kisu cha kuikatia. Karani akakinyanyua kile kisu kwa ncha za vidole, kama aliyeokota panya mfu. “Silaha haziruhusiwi.”

Mzazi mwingine, Mmarekani, akaitikia kwa kichwa. “Usalama kwanza, mama. Hata mimi bastola yangu nimeiacha garini, hapo nje.” Akajipapasa kiunoni, inapokaa siku zote. “Kibali ninacho. Ni haki yangu.”

“Haya, baba,” mama akamjibu, “basi niazime hiyo haki yako nikatie keki.”

Keki ikakatwa kwa rula. Watoto wakala, wakarudi kwenye zoezi lao la kujificha siku akija mtu na bunduki.

Lakini msihofu, wasomaji wangu: kisu tumekidhibiti.