Nilimjengea mama mkwe benchi la dirishani, akagoma kuvuka mlango

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Kaeni mkao wa kula. Hii si chai, ni ya nyumbani kwangu kabisa.

Mimi nauza vipuri vya simu Kariakoo. Tunaishi jirani na Msimbazi, ghorofani, chumba na sebule, milango yote miwili inatokea koridoni. Mke wangu Salma anauza viatu vya mtumba Mchikichini.

Sasa nyumba ya muuza viatu mnaijua. Viatu chini ya kitanda, viatu juu ya kabati, ukishuka kitandani unakanyaga kisigino.

Mama yake anakaa Masasi. Ana presha, na daktari wake yuko huku Dar. Shida ni kwamba kila akija hakai. Dirisha la sebuleni linaangalia ukuta wa jirani, basi anashinda anautazama huo ukuta, siku chache tu utamsikia, "Wanangu, mi narudi zangu."

Mara ya mwisho aliondoka kliniki haijaisha, alipofika kwao akaanguka. Salma alilia sana. Safari hii ilikuwa lazima mama akae.

Nikapata wazo. Dirisha la chumbani kwetu linaangalia barabarani. Pale unaona kila kitu, machinga, mama lishe, wasukuma mikokoteni wakitukanana. Nikasema natengeneza benchi la dirishani, ndani viatu, juu mama.

Salma nikamwambia ni la viatu tu. Habari ya mama nikaificha, nilitaka iwe sapraizi.

Mbao nilifuata Buguruni, bawaba nikachukua Gerezani. Nikapiga msasa mwenyewe, vumbi likafika mpaka kwenye sufuria. Mfuniko wa kwanza ukawa unagonga nondo za dirisha, haufunguki hata nusu. Nikaukata vipande viwili, kila kimoja na bawaba zake, ukakubali.

Viatu vyote vikaingia wakuu! Juu nikaweka sponji na kitambaa. Salma akakaa, akanyoosha miguu, akasema, "Kumbe una maana wewe mwanaume." Kichwa kikavimba.

Mama akaja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, za hapa?"

Hata maji hajanywa nikamwambia, "Mama, njoo uone kiti chako." Nikafungua mlango wa chumbani kwa mbwembwe zote.

Akafika mlangoni akasimama, macho chini. "Nimeona baba. Hongera sana." Akageuka, akarudi kwenye ukuta wake.

Nikajua ni uchovu wa safari. Salma akanivuta koridoni.

"Una akili kweli? Mama aingie chumbani kwa mkwewe? Na kitanda chetu kile pale!"

Kitu nimekijua tangu utoto, mama mkwe haingii unapolala na binti yake, kwao na kwetu ni vilevile. Lakini nilikuwa nawaza mbao tu, nikasahau kabisa kwamba kile ni chumba cha kulala.

Jioni ileile mama akasema, "Baba, nikishaonana na daktari unikatie tiketi." Roho iliniuma jamani.

Nikataka kung'oa benchi nilipeleke sebuleni. Salma akakataa. "Likatazame ukuta? Benchi halitoki. Kitakachotoka ni kitanda."

Siku ya kliniki wakaondoka wote wawili. Nikafungua kitanda, nikasukuma kabati, nikaburuza makochi. Mgongo unalia mpaka leo. Chumba kikawa sebule, sebule ikawa chumba.

Mama aliporudi akasimama mlangoni tena.

"Kitanda kiko wapi?"

"Kimehamia upande wa pili mama. Hapa sasa ndiyo sebuleni."

Akachungulia pembe zote, hakutaka kuingizwa mjini. Kisha akavua kandambili, akaingia, akakaa, akavuta pazia.

Kesho yake kabla ya kwenda kazini nikajikaza. "Mama, nikukatie ile tiketi?"

Hata hakugeuka. "Tiketi ya nani? Hebu njoo uone, yule wa machungwa kachukua sehemu ya mwenzie. Mwenyewe akifika hapa patachimbika!"

Salma alikuwa mlangoni na mzigo wake wa viatu. Akajifunika uso na kanga, analia kwa furaha. Na mimi nilifurahi, sifichi.

Nilichojifunza, ukitaka kumtengenezea mzazi kitu, muulize kwanza yeye mwenyewe ndiyo ushike futi. Sapraizi waachieni watoto.

Kliniki sasa anaenda bila kusukumwa. Taabu ni moja tu, Salma akitaka kutoa viatu mpaka amwombe mama anyanyuke, na kama barabarani kuna ugomvi hanyanyuki ng'o.

Haya, nyie mnaokaa na wakwe kwenye chumba na sebule, mnajipangaje? Mwageni uzoefu hapa. Na wale wa "weka picha", subirini kidogo. Mama kakaa, na mimi siwezi kumwambia mkwe wangu asogee.