Mkwe Asiuone Mfuko

Nakumbuka siku moja, mwanangu, heshima ilivyokaribia kutuulia mgonjwa. Enzi hizo za vijiji vya Ujamaa nilikuwa muuguzi mchanga katika hospitali moja ya Tabora, nina ulimi mkali kuliko sindano. Katika chumba cha wagonjwa mahututi alilazwa Kapela, aliyeangukiwa kichwani na boriti ya bani, lile banda la kukaushia tumbaku, kijijini kwao Usinge. Alikuwa amewekewa mpira wa mkojo, na mfuko wake ukining'inia chini ya kitanda. Kichwa kilikuwa kinapona, ameanza hata kufumbua macho, ghafla homa ikampanda na mkojo ukawa mzito kama maji ya mchele. Tuliogopa sana. Amenusurika boriti, homa isije ikamchukua.

Mchana ule mama mkwe wake alishuka treni, akaja. Aliposimama tu mlangoni, Nyamizi, mkewe Kapela, aliunyakua mfuko akaupandisha kitandani, akaufunika blanketi. Mkojo uliokuwa mpirani ukarudi kibofuni pamoja na vijidudu, na homa huanzia hapo. Kumbe ndivyo alivyofanya kila walipokuja wakwe! Kwetu Unyamwezini mtu na mama mkwe wake hawali pamoja, sembuse kuonana mikojo.

"We mama, unataka kumuua mumeo?" nikafoka.

Sista Veronika, mkuu wetu wa zamu, akanishika mkono.

"Nyamaza. Ukimwaibisha leo, kesho atauficha ukiwa hupo."

Alinawa, akaushusha mfuko bila kuugusisha sakafu, akatundika shuka safi ubavuni mwa kitanda kama pazia. Ndipo akamgeukia mgeni: "Shikamoo mama, karibu." Nyamizi alilia. "Sista, mimi nilijua namstahi mume wangu."

Asubuhi Sista akamuuliza daktari, "Mpira huu bado una kazi gani?" Haukuwa na kazi, tukautoa. Kwa dawa, homa ikashuka, na Kapela akarudi Usinge.

Basi mwanangu, usimwekee mtu mpira ili tu upumzike kubadili mashuka. Nawa kabla hujaugusa. Mfuko ukae chini ya kibofu, sakafu usiiguse, na kila kukicha uliza kama bado unahitajika. Ndugu zake waeleze siku ya kwanza, kwa adabu, maana wao ndio wanaobaki naye ukishageuza kisogo. Mungu aibariki mikono yako, na unaowauguza warudi kwao kwa miguu yao wenyewe.