Sahihi Yangu Ilivyosema Uongo

Mkuu wa utafiti wetu alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, nami nikakubali kupakwa. "Wewe ndiye roho ya mradi huu," alikuwa akiniambia pale maabara, Embu. Kumbe alichotaka ni Kimbeere changu.

Tulikuwa tunatafuta brusela, ile homa inayotoka kwa mifugo, na watu wa kwetu huko chini Mbeere hawapendi kutolewa damu na wageni. Kwa hivyo nikatangulizwa mimi. Niliwaambia kwa lugha ya nyumbani: majibu ni wiki mbili, na mgonjwa atapewa dawa. Aliyenyoosha mkono wa kwanza ni jirani wa mama yangu, mwanamke aliyekuwa amepoteza mimba mbili na sasa alikuwa na ya tatu. Wengine wakapanga foleni nyuma yake.

Sampuli zilikuwa na namba tu, lakini ya kwanza ningeisahauje? Nilidondosha maji ya damu yake kwenye kigae cheupe, nikaongeza tone la dawa ya waridi, nikazungusha. Ikagandamana punje punje. Brusela. Nikakimbia kwa mkuu.

"Ngoja mashine ithibitishe." Mashine ikathibitisha. "Sasa ngoja tuandike ripoti."

Yule jirani alikuwa akinipigia simu, "Mwanangu, majibu?" nami nasema bado. Kwa mdomo wangu huu huu! Niliogopa kufutwa kazi, basi. Hata kumwambia achemshe maziwa ya mbuzi zake sikumwambia.

Mimba ikatoka ikiwa na miezi mitano.

Niliingia ofisini kwa mkuu bila kubisha hodi, nikipiga kelele. Hakuinuka hata kidogo. Alifungua faili akanionyesha: mshiriki amejulishwa majibu, ndiyo. Ukurasa baada ya ukurasa, ndiyo, na chini yake sahihi yangu. Hapo ndipo nilipokumbuka. Asubuhi ile ya kwenda Mbeere alitusainisha rundo la fomu tupu, ati tusipoteze muda juani. Sisi wa maabara tulizoea kufanya hivyo. Nani angemshuku mkuu wake?

"Hapa inaonyesha uliwaambia," akasema kwa upole. Jamani, ule upole! Ningeweza kumpiga na kiti. Miaka minne nilikuwa nimemwamini mtu huyu kuliko ndugu zangu, na alikuwa ameniuza kabla hata sijashika sindano.

Kesho yake nilimpeleka yule jirani kituo cha afya, nikamweleza yote njiani. Tulipoingia ndani nikataja ugonjwa, na mhudumu akachukua kalamu akamuuliza, "Mama, umejua tangu lini uko na brusela?"

Akaninyooshea kidole.

"Muulize huyu. Yeye ndiye alikuwa anajua."